Makaburi Kabla ya Mkataba: Kisa cha Mji wa Cowra na Urafiki Wake na Japani

Mji wa Cowra uko katika jimbo la New South Wales nchini Australia, kando ya mto Lachlan, kiasi cha kilomita 300 magharibi ya Sydney. Ni mji wa wakulima na wafugaji wenye watu wapatao elfu kumi, na msafiri anayeupita bila kusimama hawezi kudhani kwamba una habari kubwa. Lakini hapo ndipo walipozikwa Wajapani waliofia Australia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hapo ndipo ilipo bustani ya Kijapani yenye ukubwa wa hekta tano, na tangu mwaka 1970 vijana wa shule ya sekondari ya mji huo wamekuwa wakienda Tokyo kuishi na familia za Kijapani, huku wenzao wa Tokyo wakija kulala, kula na kusoma katika nyumba za watu wa Cowra.

Habari za miji dada kwa kawaida huanza na hati. Meya wawili hukutana, hutia saini, hupeana zawadi, na baada ya hapo hutafutwa shughuli za kuijaza ile hati ili isikae bure kabatini. Kisa cha Cowra kilikwenda kinyume. Watu walianza na makaburi, wakafuatia watoto, kisha bustani, na karatasi za serikali zikaja kuandamana na jambo ambalo tayari lilikuwa linatembea kwa miguu yake. Ninakichambua kisa hiki kwa sababu naamini mpangilio huo ndio uliokipa nguvu, wala haukutokea kwa bahati tu.

Usiku wa tarehe 5 Agosti 1944

Karibu na Cowra palikuwa na kambi ya mateka wa vita iliyowekwa na jeshi la Australia. Ndani yake walikuwamo Waitaliano wengi waliotekwa Afrika Kaskazini, Wakorea na Wataiwani waliokuwa wakilitumikia jeshi la Japani, na Wajapani wenyewe, ambao katika sehemu moja ya kambi walikuwa wamefikia 1,104. Walitunzwa kwa kufuata Mkataba wa Geneva, unaohusu matunzo ya mateka wa vita. Walipata chakula cha kutosha na walicheza besiboli. Kwa Mwaustralia hayo yalikuwa matunzo mema, lakini kwa askari wa Kijapani kila siku ya kuishi ndani ya seng'enge ilikuwa siku ya aibu. Kanuni ya maadili waliyopewa askari wa Japani mwaka 1941 ilimkataza mtu kuishi hadi kuionja fedheha ya kuwa mfungwa, na wengi wao walijiandikisha kwa majina ya uongo ili ndugu zao nyumbani wasijue kamwe kwamba walitekwa wakiwa hai. Rubani Hajime Toyoshima, ambaye ndege yake ilianguka katika kisiwa cha Melville baada ya Japani kuushambulia mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia, Februari 1942 na akawa Mjapani wa kwanza kutekwa katika ardhi ya Australia, aliishi kambini kwa jina la Tadao Minami.

Tarehe 4 Agosti 1944 viongozi wa Wajapani waliambiwa kwamba askari wa vyeo vya chini watatengwa na wakubwa wao na kuhamishiwa kambi ya Hay, mbali zaidi upande wa magharibi. Usiku ule mabanda yalifanya shauri, na kila banda likatoa kauli yake kama wainuke au wasiinuke. Kiasi cha saa nane za usiku, katika baridi kali ya Agosti ya upande ule wa dunia, Toyoshima alipiga tarumbeta. Mamia ya watu waliikimbilia seng'enge wakiwa na visu vya mezani, marungu ya besiboli na fimbo zilizopigiliwa misumari, wakatupa mablanketi juu ya miiba na kupanda, huku mabanda yakiteketea nyuma yao na bunduki za rashasha zikiwalenga kutoka mbele.

Wajapani zaidi ya 230 walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kujiua wenyewe. Askari wanne wa Australia waliuawa, na wawili kati yao, Benjamin Hardy na Ralph Jones, walioshikilia bunduki yao mpaka wakazidiwa, walitunukiwa Msalaba wa George, nishani kubwa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Zaidi ya mateka 300 walivuka uzio, na katika siku zilizofuata wote ama walikamatwa ama walikutwa wamekufa. Kuna jambo moja ambalo kila mchambuzi wa kisa hiki lazima alisimamie: viongozi wa mateka waliagiza kwamba raia wasiguswe, na hakuna raia hata mmoja aliyedhuriwa. Katika shamba moja la jirani, mwanamke mwenye nyumba aliwakuta baadhi yao wakiwa na njaa na baridi, akawapikia chai na kuwapa skonsi, vikate vidogo vya chai, kabla askari hawajafika kuwachukua. Sitaki kuifanya chai hiyo kuwa mzizi wa urafiki wote uliokuja baadaye, kwani mji mzima ulikuwa na hofu na hasira. Lakini pale watu wa Cowra walipoanza kusimuliana upya habari za usiku ule, simulizi hiyo walikuwa nayo.

Uamuzi wa kufyeka nyasi

Vita vilipokwisha, Wajapani waliokufa katika tukio hilo walibaki wamezikwa kando ya makaburi ya askari wa Australia. Tukumbuke hali ilivyokuwa nchini humo. Waaustralia wapatao 22,000 walikuwa wametekwa na Japani, na zaidi ya 8,000 kati yao hawakurudi. Walikufa kwenye reli ya Thailand na Burma, ambayo mateka walilazimishwa kuijenga, huko Sandakan katika kisiwa cha Borneo, Japani kwenyewe na kwingineko. Waliorudi walirudi mifupa mitupu. Katika Australia ya mwaka 1946 neno "Mjapani" halikutamkwa kwa upole. (Msomaji wa Kiswahili naye ana sehemu yake katika kumbukumbu hiyo: katika nusu ya pili ya mwaka ule ule wa 1944 askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walikuwa wakipigana na jeshi lile lile katika misitu na matope ya Burma, na amri nyingi katika vikosi vyao zilitolewa kwa Kiswahili.)

Katika hali hiyo, wanachama wa tawi la Cowra la chama cha askari wastaafu, watu ambao wengine wao walikuwa wamepigana na Wajapani hao hao, walikuwa wakienda kusafisha makaburi ya wenzao. Nyasi za upande wa pili zilikuwa zinaota. Wakaamua kuzifyeka nazo. Hakuna serikali iliyowaamuru, na hakuna bajeti iliyotengwa. Walichukua zana zile zile walizokuja nazo wakaendelea upande wa pili.

Kwangu mimi kiini cha kisa chote kiko hapo. Atokako Mswahili, kaburi ni jambo zito. Anayelizuru na kulipalilia kaburi la mtu amejitia katika ukoo wake, na asiyefanya hivyo hata kama ni mtoto wa marehemu husemwa. Wale askari wastaafu walifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mama na ndugu wa marehemu waliokuwa ng'ambo ya bahari, wengi wao wakiwa hawajui hata kwamba kuna kaburi. Wawakilishi wa Japani walipofika Cowra katika miaka ya 1950 na kukuta makaburi yametunzwa, wazo la kuyakusanya mahali pamoja mabaki ya Wajapani wote waliofia Australia lilipata mahali pa kushika. Makaburi ya Kijapani ya Cowra yalifunguliwa mwaka 1964. Yana wafu zaidi ya 500: wale wa usiku wa Agosti, marubani walioangushwa kaskazini, pamoja na raia wa Kijapani waliozuiliwa katika kambi za Australia wakati wa vita na kufia humo.

Tunao msemo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni msemo mwema katika ugomvi wa majirani kuhusu mpaka wa shamba, lakini sidhani kwamba ungefaa Cowra. Huko yaliyopita yalikuwa ndwele, tena ndwele iliyokuwa wazi, na waliianza dawa papo hapo penye kidonda. Kama wangeanza na ngoma, maonyesho ya mapishi na picha za pamoja, naamini yule mjane wa askari na yule mzee aliyerudi kutoka relini wangekaa nyumbani siku ya sherehe, na urafiki ungekuwa wa wale tu ambao hawakupoteza kitu.

Mwanafunzi anayekaa mwaka mzima

Mwaka 1970 ulianza mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya sekondari ya Cowra na shule ya Seikei ya Tokyo. Mpango wenyewe ni mdogo kwa idadi: mwanafunzi wa huku anakwenda kule kwa mwaka mmoja, na wa kule anakuja huku. Mtu wa takwimu anaweza kuudharau, kwa kuwa hata kwa nusu karne idadi ya vijana hao haiwezi kulingana na idadi ya watalii wa wiki moja. Nadhani atakuwa amepima kwa kipimo kisichofaa.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ujumbe wa meya hukaa siku nne, na siku zote hizo unabaki mgeni: unapewa kiti cha mbele, unalishwa vilivyo bora, na kila anayezungumza nawe amekwisha kuandaa maneno. Mwanafunzi wa mwaka mzima hupewa jembe. Huosha vyombo, huchelewa basi, hukosana na mtoto wa mwenyeji wake, huugua mafua akauguzwa na mama ambaye lugha yake haijui vizuri, na hufika siku akaanza kumwita mama huyo mama bila kukumbushwa. Anaporudi kwao ana nyumba mbili. Wazazi wake nao wana jamaa katika mji ambao awali walikuwa hawawezi kuuonyesha kwenye ramani, na jamaa huandikiana, hualikana harusini, hupeana pole za msiba. Ukihesabu kwa nyumba badala ya kuhesabu kwa vichwa, mpango mdogo huwa mpana.

Vilevile ni muhimu kwamba mtoto wa Kijapani anapofika Cowra hafichwi historia. Makaburi yako pale, mabaki ya kambi yako pale, na kila mwezi Agosti mji hukumbuka. Kijana wa miaka kumi na sita anasimama mbele ya makaburi ya watu wa nchi yake waliokufa wakiwa na umri unaomkaribia wake, na anayemsindikiza ni mwenyeji wake, ambaye pengine babu yake alikuwa mlinzi upande wa pili wa seng'enge. Hakuna hotuba inayoweza kufanya kazi ya dakika hizo. Hotuba, kwa hakika, mara nyingi huziharibu.

Mpango huu ulitangulia mkataba wa msingi wa urafiki na ushirikiano kati ya Australia na Japani, uliotiwa saini mwaka 1976. Miaka sita kabla ya mataifa hayo kutia saini mkataba huo, familia za Cowra zilikuwa tayari zimegawana vyumba. Mwaka 1973 mrithi wa ufalme wa Japani, Akihito, pamoja na mkewe Michiko, walifika Cowra katika ziara yao ya Australia, na walichokikuta hakikuandaliwa kwa ajili yao. Kilikuwa kimekwisha kuwako.

Bustani na fedha

Nusu ya kwanza ya bustani ya Kijapani ilifunguliwa mwaka 1979 na sehemu ya pili mwaka 1986. Iliundwa na Ken Nakajima, mbunifu wa bustani aliyejulikana nje ya Japani pia, kwa mtindo wa bustani za kutembea za enzi ya Edo, zama za kale za Japani, na alitumia mawe ya matale yaliyokuwa tayari juu ya kilima kile cha Australia. Miti ya sakura, yaani micheri ya maua ya Kijapani, ilipandwa kuanzia mwaka 1988 kandokando ya njia inayounganisha bustani, eneo la kambi na makaburi. Huchanua mwezi wa Septemba na Oktoba, Japani inapoingia majira ya majani kupukutika, na wakati huo mji hufanya sikukuu yake. Mwaka 1992 Cowra ilipewa Kengele ya Amani ya Dunia, heshima ambayo kwa kawaida huuendea mji mkuu wa nchi.

Wapo wanaoona kwamba bustani iliugeuza msiba kuwa biashara ya utalii. Nalichukua neno hilo kwa uzito, kwa sababu ni kweli kwamba bustani huingiza watu na watu huingiza fedha, na mji wa wakulima unaotegemea mvua unazihitaji. Lakini kazi ya kujitolea ina umri. Wafyekaji wa makaburi huzeeka, na watoto wao huhamia Sydney kutafuta kazi. Taasisi yenye wafanyakazi, kiingilio na duka la chai huwapa watu wa mji sababu ya kila siku ya kuendelea kuujali uhusiano ule hata katika miaka ambayo hakuna kumbukumbu kubwa. Hatari ingekuwako kama mgeni angeweza kuiona bustani bila kujua kwa nini iko pale. Ndiyo maana ile njia ya miti ya sakura, kwa jinsi inavyomwongoza mtu mpaka makaburini, naiona kuwa sehemu yenye akili kuliko zote katika mpango mzima.

Upande wa pili wa kioo: Naoetsu

Kisa cha Cowra hakikamiliki bila mji wa Naoetsu, ambao tangu mwaka 1971 ni sehemu ya jiji la Joetsu katika mkoa wa Niigata, kwenye pwani yenye theluji nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1942 waliletwa huko mateka 300 wa Australia waliotekwa Singapore. Walifanyishwa kazi viwandani kwa chakula kidogo na kipigo kingi, na 60 kati yao walikufa. Mtawa wa hekalu moja la Kibudha la mji huo alikubali kuyahifadhi majivu yao wakati ambapo kufanya hivyo hakukumletea sifa. Baada ya vita walinzi na watumishi wanane wa kambi hiyo walihukumiwa na kunyongwa kwa makosa ya kivita.

Kwa hiyo Naoetsu ilikuwa na msiba wa namna mbili, na familia za wale wanane ziliishi mtaa mmoja na watu wengine wote. Kwa miaka mingi mji ulinyamaza. Mabadiliko yalikuja wakati raia wa kawaida, wakiwa wamepata mawasiliano na Waaustralia waliopitia kambi ile, walipoanza kuchanga fedha za kununua eneo la kambi na kujenga bustani ya amani. Ilifunguliwa Oktoba 1995. Ndani yake kuna kumbukumbu ya Waaustralia 60, na kuna pia kumbukumbu ya wale Wajapani wanane.

Najua kwamba wapo waliokufa na uchungu kwa sababu ya kumbukumbu hiyo ya pili, na sina haki ya kumwambia mtu aliyepigwa na mlinzi namna ya kumkumbuka mlinzi huyo. Hata hivyo, nikipima mambo kama mchambuzi, sioni namna ambayo mji ungeweza kuikubali bustani ile kwa moyo mmoja huku nyumba nane zikiambiwa kwamba matanga yao hayatambuliki. Kumbukumbu mbili hazisemi kwamba makosa yalilingana. Zinakubali kwamba mtesaji naye alikuwa na mama. Watu wa Joetsu na wa Cowra wameendelea kutembeleana, na wanapokutana kila upande unajua kwamba wafu wake wanatunzwa na upande mwingine. Hiyo ni dhamana ambayo miji michache duniani inayo.

Kisa jirani, kwa kulinganisha

Cowra haikuwa ya kwanza kwa hati. Miji dada ya kwanza kabisa kati ya Australia na Japani ni Lismore, pia ya New South Wales, na Yamatotakada ya mkoa wa Nara, iliyofungamana mwaka 1963. Nyuma yake walikuwako ndugu wawili mapadri wa Shirika la Kikatoliki la Marist, Tony na Paul Glynn, waliofanya kazi Japani baada ya vita kwa kufuata nyayo za padri mwingine, Lionel Marsden, ambaye mwenyewe alikuwa mateka wa Wajapani. Tony Glynn alijishughulisha kukusanya panga ambazo askari wa Australia walizichukua kama kumbukumbu za vita na kuzirudisha kwa wenyewe. Nalitaja jambo hili kwa sababu linathibitisha yale tuliyoyaona Cowra: hata pale ambapo hati ilisainiwa mapema, kulikuwa na mtu aliyekwisha kubeba kitu kizito mikononi na kukirudisha mlangoni pa mwenyewe.

Yaliyobaki wazi

Udhaifu wa kisa hiki uko katika kimya cha upande wa Japani. Walionusurika usiku wa Agosti walirudishwa kwao mwaka 1946, na wengi wao walikuta matanga yao yamekwisha kufanywa, maana familia zilikuwa zimearifiwa kwamba wamekufa vitani. Wapo walioishi hadi uzeeni bila kumwambia mke. Baadhi waliunda chama chao na kuanza kurudi Cowra, wakapokewa, na mwaka 2014, katika kumbukumbu ya miaka 70, mmoja wao alihudhuria akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Lakini waliorudi walikuwa wachache kuliko walionyamaza, na urafiki wa Cowra kwa muda mrefu ulifahamika zaidi Australia kuliko katika vijiji walikotoka marehemu.

Kimya hicho kimeandikwa hata kwenye mawe. Baadhi ya majina yaliyo juu ya makaburi ni yale ya uongo waliyojipa wenyewe walipotekwa, na kwa hiyo kuna familia za Japani ambazo zilifanya matanga bila mwili na hazikujua kwamba mwili upo, umezikwa na unatunzwa. Watafiti wa Australia na Japani wamekuwa wakiyalinganisha majina hayo na kumbukumbu za jeshi ili kumtambua kila aliyelala pale. Ni kazi ya polepole, ya jina moja baada ya jingine, na inahitaji watu wanaosoma lugha zote mbili na wasiochoka kuandikia ofisi na mahekalu ya mbali. Kila jina linapopatikana, barua hupelekwa kwa watu ambao pengine ni wajukuu wa ndugu ya marehemu, ikiwaeleza kwamba jamaa yao yuko Cowra, na kwamba nyasi zimekatwa.